Pesa Iliyokwenda kwa Watson

Chapwa, Tunduma
16 Februari 2014

Kwako Babu, mume wangu wa Ruanda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, siyo umelala, na kwamba kile kikohozi cha alfajiri kimepata mtu mwingine wa kumsumbua. Sisi huku tuko wawili kama ulivyotuacha. Mama ni mzima. Mchele wa Kamsamba anaouuza umepanda bei, kwa hiyo anashinda sokoni mpaka giza. Mvua haikatiki. Mtaa wetu umekuwa tope tupu, na malori yamepanga foleni kutoka mpakani hadi huku juu, madereva wanapika ugali chini ya matela kama wamehamia.

Mimi nimeingia kidato cha tatu. Wamenibadilishia mkondo, na wale wasichana wawili niliokuwa nakaa nao wamebaki mkondo wa kwanza. Sasa nakaa dawati la nyuma na begi langu. Usicheke. Begi halisengenyi mtu.

Ezron konda atakupa barua hii mkononi. Usimlipe, nimeshamlipa maandazi.

Sasa jambo lenyewe, Babu. Mama alikutumia hela ya mbolea ya kukuzia na ya vibarua wa palizi. Alituma Jumanne kwa Uledi, yule wakala kijana wa Tanga mwenye kibanda cha bati karibu na msikiti. Akarudi akasema imekwenda. Jumamosi yule mwalimu jirani yako akapiga simu, akasema mzee hajaona kitu. Ndipo nikachukua simu ya Mama nikasoma meseji aliyorushiwa na Uledi, haijafunguliwa: hela imekwenda kwa mtu anaitwa Watson Siame. Hatumjui. Tarakimu moja ya namba imekosewa.

Nikamuuliza Mama, "Sasa Mama, jina hukuliona?" Akaendelea kupepeta mchele. Nikauliza tena, akaniambia nikachote maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Tumeshapeleka malalamiko kwenye kampuni ya simu. Wamesema hela itarejeshwa. Ilikwenda kwa kufumba jicho, kwa hiyo nadhani wiki hii itakuwa imerudi na Mama atakutumia upya. Usiwe na wasiwasi na mahindi.

Wako asiyejua kupika,
Tabita


Ruanda, Mbozi
1 Machi 2014

Kwa mke wangu mdogo Tabita,

Marahaba. Kikohozi kipo, kimenizoea, sasa kinaniamsha kwa adabu. Barua yako niliisoma kwa sauti, na kwa kuwa masikio yangu hayasikii vizuri ilinibidi niisome kwa nguvu. Majirani wote wanajua sasa kwamba rafiki yako ni begi. Mama Fortunata amesema anakuombea.

Kahawa imeshika matunda vizuri. Mahindi ndiyo hayo. Jirani yangu Alinanuswe ameweka mbolea, shamba lake limekuwa kijani mpaka linaonekana jeusi. La kwangu limeanza kuwa njano kuanzia chini. Ukipita njiani kati ya mashamba mawili utadhani upande mmoja ni Krismasi na upande wa pili ni Ijumaa Kuu.

Barua yako naielewa mpaka katikati. Kuanzia hapo siielewi. Mwezi wa kumi na mbili mama yako alipotuma, mwalimu alinionyesha meseji kabla sijamaliza kufunga kamba ya kiatu. Sasa ikiwa kwenda ni upesi hivyo, kurudi si ni kwa njia ileile? Mtu akitoka hapa kwenda Tunduma kwa saa moja na nusu, harudi kwa mwezi. Isipokuwa kama hataki kurudi. Tuna mfano wake katika nyumba hii, baba yako Barnaba, aliyesema anakwenda Kongo mara moja tu kusindikiza lori la shaba.

Simlaumu mtu. Mimi simu kwangu ni saa na tochi, mambo yake ya ndani siyajui. Nauliza tu: hiyo hela ilitumwa kweli?

Usimwonyeshe mama yako swali hilo. Au mwonyeshe. Sijui.

Babu yako


Chapwa, Tunduma
9 Machi 2014

Babu,

Shikamoo na pole kwa mahindi. Mama amekusalimu kwa namna yake, yaani ameweka kilo tano za mchele kwenye kifurushi na kipande cha sabuni ya kufulia, akaniambia, "Mpe Ezron." Hajasema ni vya nani. Ni vyako.

Swali lako sikumwonyesha. Nilikaa nalo. Halafu nikasema, ngoja nimtafutie Babu jibu, maana mimi mwenyewe nililiuliza hilohilo moyoni.

Ngoja nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi naogopa kuongea na simu. Shuleni mwalimu wa Kiingereza akiniita kusoma, maneno nayajua yote, lakini yanakataa kutoka. Na kwa Kiswahili ni hivyohivyo, siwezi kusingizia lugha. Sasa kupiga huduma kwa wateja ilibidi nijifungie chooni, choo cha nje, nikae juu ya ndoo iliyogeuzwa. Muziki ulipiga mpaka nikaujua wote. Halafu akapokea dada mmoja, sauti nzuri, akasema, "Mteja wetu mpendwa, nikusaidie nini?" Babu, wiki ile nzima hakuna mwingine aliyeniita mpendwa. Nilitaka kukata.

Nikamwambia habari ya Watson. Akatafuta. Akaniambia hela ilikwenda kweli, tarehe ileile Mama aliyosema. Hilo shika kwanza.

Nikamuuliza, "Sasa dada, mbona hamuirudishi?"

"Mpendwa, mama alipotuma alikuwa anatoa cha kwake. Hapo hakuna wa kuulizwa. Akibonyeza, imekwenda. Lakini sasa si cha kwake tena, kipo kwa Watson. Hatuwezi kuingiza mkono mfukoni mwa mtu bila kumuuliza."

"Si mumuulize?"

"Hapatikani. Na alishatoa kiasi. Kilichobaki tumekizuia."

"Kwa hiyo hela iko wapi sasa hivi?"

"Ipo. Imesimama."

"Imesimama wapi?"

"Kwenye mfumo, mpendwa."

Huyo Watson nadhani ni mtu wa malori. Watu wa huku wana laini mbili, wakivuka Nakonde wanatoa ya Tanzania wanaweka ya Zambia, na mpaka warudi huwapati. Kwa hiyo hela ya mbolea yako haiko kwa Mama, haiko kwako, na Watson hawezi kuila. Iko katikati inasubiri mtu mmoja aweke laini kwenye simu. Nimeifikiria sana hiyo hela. Nikiwa dawatini nyuma naiwaza, kwamba ipo na inajulikana ni kiasi gani, lakini hakuna anayeweza kusema ni ya kwake.

Najua unaona naandika ujinga. Lakini ilitumwa, Babu. Kweli ilitumwa.

Tabita


Ruanda
30 Machi 2014

Tabita,

Marahaba. Mchele umefika. Sabuni imefika. Mvua imepungua huku, na mahindi hata nikiyapa mbolea leo ni sawa na kumpa maziwa mtoto aliyeshakuwa askari. Acha hiyo.

Nimesoma maelezo ya yule dada wa simu. Anaongea vizuri. Watu wanaoongea vizuri nimewasikia wengi, na enzi zile nilikuwa bado nasikia.

Nitakwambia jambo kama mtu mzima kwa kuwa hakuna mtu mzima mwingine wa kumwambia. Bibi yako angekuwepo, angejua namna ya kulisema. Ezron alikaa hapa akanywa chai, vikombe viwili, na mdomo wa konda unaujua. Anasema pale sokoni kuna mfanyabiashara wa Pemba, jina lake Makame, anayechukua mchele kwa mama yako, na kwamba siku hizi anachukua mchele mwingi kuliko tumbo la mtu. Anasema wanacheka.

Mimi si jiwe. Najua mwanangu ameondoka na hajaleta hata neno. Mwanamke hawezi kukaa anatazama barabara maisha yake yote. Lakini kuna njia ya kuondoka. Mtu haondoki kwa kukata hela ya mzee halafu kumtuma mtoto aandike habari za mfumo. Kama amechoka kuwa mkwe wa nyumba hii, aseme. Nimewaita wazee wa ukoo, tutakaa Jumamosi ya tarehe 24 mwezi wa tano. Tutapeleka mtu kwao Ileje. Ng'ombe sita walikwenda siku moja, watarudi siku moja, na yeye atakuwa huru. Na wewe ni damu ya hapa. Ruanda kuna sekondari.

Sijaandika kwa hasira. Mwandiko ni mbaya kwa sababu ya kalamu.

Babu yako


Chapwa
6 Aprili 2014

Babu,

Shikamoo. Huku tuna afya. Malori ni yaleyale. Mvua imebaki jioni tu.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nimekaa, halafu nikaificha ndani ya daftari la baiolojia ambapo Mama hawezi kufungua kwa sababu ya zile picha. Usiku sikulala. Ruanda kuna sekondari, najua. Kuna wewe, na nakupenda. Lakini Mama akirudi sokoni jioni akakuta nyumba ina giza, nani atamwashia taa?

Babu, umeandika ng'ombe sita walikwenda siku moja na watarudi siku moja. Nimemuuliza Mama, kijanjajanja, kama nafanya zoezi la historia, "Mama, hivi ng'ombe wa mahari huwa wanakwenda wapi?" Akacheka akaniambia ya kwake yote. Watatu walimwolea mke mjomba mkubwa, na huyo mke sasa ana watoto watano. Mmoja aliuzwa bibi wa Ileje alipolazwa. Mmoja alikufa kwa ugonjwa wa ndigana. Wa sita alizaa, akapewa shangazi wa Kyela pamoja na ndama wake, naye akawatoa kwa deni.

Sasa niambie, utaurudishaje huo msafara siku moja? Itabidi umuulize mjomba, na mke wa mjomba, na wakwe zake mjomba waliokula wale watatu, na shangazi, na anayemdai shangazi. Kila mmoja atasema hebu tukae kwanza. Kwenda walikwenda kwa sababu kila mtu alikuwa anatoa cha kwake na alikuwa anataka kutoa. Kurudi, kila mtu ananyang'anywa cha kwake.

Ndivyo ilivyo hata kwa hii hela. Nimepiga tena, nikauliza zaidi. Kuna watu wa kumtafuta Watson. Akikubali, kuna wengine wa kuhakiki kama kweli ni kosa, siyo ujanja. Halafu wahasibu. Inayotuma ni mashine, wanaorudisha ni watu, na watu wanakwenda chakula cha mchana.

Ujanja wenyewe nimeujua kwa Mama Zakia wa mafuta ya kula, jirani yetu. Mwaka juzi mteja alimtumia hela, Mama Zakia akaona meseji, akamtolea madumu ishirini. Mteja akavuka nayo Nakonde, akapiga simu kwenye kampuni: jamani nimekosea namba, nirudishieni. Wakamrudishia siku ileile! Mama Zakia akabaki hana mafuta hana hela. Jana nilimwambia kwamba ya kwetu inachelewa akaniangalia kama mtu aliyetukana. "We mtoto, acha ichelewe. Ingechelewa ya kwangu ningekuwa na nyumba ya matofali."

Kwa hiyo Babu, siyo kwamba kurudi ni njia ileile. Ni njia nyingine, ina mageti.

Waambie wazee wangoje. Tafadhali. Barua yako nyingine nitaisubiri kwa Ezron kila siku nikitoka shule.

Tabita


Chapwa
4 Mei 2014

Babu,

Shikamoo.

Ezron anasema aliiweka mkononi mwako. Anasema uliiweka mfukoni bila kuifungua, ukamuuliza bei ya nauli. Sijui kama umeisoma. Wiki tatu zote nimekuwa nakwenda stendi nikitoka shule, nasimama mbali kidogo na kosta mpaka abiria washuke, ili Ezron asinipigie kelele mbele za watu. Ananipigia hivyohivyo. "Hamna, dogo! Mume wako kakususa!" Stendi nzima inacheka, na mimi nacheka pia, halafu narudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Naandika tena kwa sababu katika barua yangu niliruka kitu. Uliniandikia kuhusu Bwana Makame, mimi nikakuandikia kuhusu ng'ombe. Uliona. Wewe huachi kuona.

Basi nakwambia. Ni kweli anakuja. Amekaa huku miaka mingi, mke wake alifariki Chake Chake, ana adabu, akifika anavua kofia. Siku moja nilirudi mapema, kichwa kinaniuma, nikasikia kutoka nje Mama anacheka. Babu, kile kicheko sijawahi kukisikia tangu Baba aondoke. Nilidhani ni mtu mwingine ameingia. Nikasimama nje ya mlango na begi langu. Nilichukia mpaka macho yakauma. Halafu akanyamaza, na nikagundua nasubiri acheke tena.

Alichomwambia sikijui. Alichojibu sikijui. Mama hajasema ndiyo mbele yangu na hajasema hapana. Nikimuuliza ananituma maji.

Hiyo ndiyo kweli yote niliyonayo. Kuhusu hela, wamesema Watson amepatikana. Bado hawajasema lini.

Sina mtu mwingine wa kumwandikia. Hata ukinijibu matusi, jibu.

Tabita


Chapwa
18 Mei 2014

Babu,

Shikamoo, shikamoo tena, na naomba uifungue hii siku utakayoipata, kabla wazee hawajaja. Nimempa Ezron maandazi mara mbili ili aje mpaka nyumbani kwako.

Hela imerudi. Alhamisi. Na kabla haijarudi Watson mwenyewe alipiga simu. Ana sauti kama honi. Kumbe ni dereva kweli, alikuwa amekwama Kasumbalesa, mpaka wa Kongo, na mzigo. Mama aliweka simu wazi, nikasikia. "Bamayo, mama, nisamehe sana! Mimi nilijua bosi wangu kanilipa posho ya mwezi wa kwanza. Nikasema leo Mungu kamgusa bosi! Nikanunua matairi ya baiskeli ya mtoto." Alichokitumia amekirudisha, polepole, ndiyo maana wakamalizia wiki hii. Mama alicheka naye, akamwuliza mtoto anaitwa nani.

Jana Jumamosi Mama akasema twende wote kwa Uledi, nishike namba mimi, isikosewe tena. Nikaiandika kwa tarakimu kubwa. Kulikuwa na foleni: madereva wawili, mama wa nyanya, na kijana anayetaka vocha. Uledi akabonyeza, akairudia namba kwa sauti, sawa. Akatuma. Meseji ikaingia kwenye simu yake.

Akasema, "Haya mama, sikiliza jina."

Babu, Mama akaachia mkoba wake chini kwenye tope. Akavuta kanga kichwani, akaziba masikio yote mawili kwa viganja, akatugeuzia mgongo, akatazama barabara. Akawa anaimba kidogo, wimbo wa kwaya, ili asisikie hata kwa bahati mbaya. Foleni yote ikaangua kicheko. Yule wa vocha akasema, "Huyu mama anaogopa makato au?" Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Uledi hakucheka. Akanigeuzia simu, akalisoma jina lako taratibu, lote. "Ndiye?"

Nikasema, "Ndiye."

"Basi mwambie tayari." Nikamgusa Mama begani. Ndipo akatoa mikono.

Uledi akaniambia chini chini, "Kila akituma ndivyo anavyofanya huyu. Mimi nilidhani ana ugonjwa wa kelele. Hata ile ya mwezi wa pili, meseji ilipoingia nilisoma, Watson Siame, ndiye? Nikaona yuko hivyo hivyo, kaziba. Alipogeuka nikamuuliza tena, sawa mama? Akaitikia kwa kichwa, sawa. Angesikia palepale ningepiga, ikazuiwa kabla jamaa hajatoa hata shilingi. Saa ileile ni rahisi. Ukichelewa ndiyo inakuwa kesi."

Njiani sikuweza kunyamaza. Nikamwambia, "Mama, ulipoteza hela ya Babu kwa sababu ya kuziba masikio? Kwa nini?"

Safari hii hakunituma maji. Alisimama pale kwenye karavati la shule ya msingi, akaniangalia kwa mshangao kabisa, kama mimi ndiye niliyekosea.

"Ulitaka nisimame pale, nimsikilize Uledi anamwita mzee kwa jina mbele ya madereva, kama anavyoita konda? Mimi?"

Nikasema, "Lakini Mama, huku ni mjini. Yeye hayupo. Hawezi kujua."

"Mimi ninajua."

Akaendelea kutembea. Nilijua, Babu, kwamba wanawake wa kwetu Wandali hawataji jina la baba mkwe, hawalisikilizi likitajwa, na hawakutani naye njiani. Niliona kwa mama wakubwa nilipokuwa mdogo. Nilidhani ni kwa vijijini, mkiwa mnaonana. Sikujua kwamba inawezekana kuishika desturi hiyo hapa, peke yako, mbele ya kibanda cha simu, mume wako hayupo miaka sita na hakuna hata mmoja kwenye foleni anayejua unafanya nini.

Ndiyo maana alipoulizwa jina hakunijibu. Kulieleza ingebidi alikaribie.

Nimemaliza. Wewe na wazee mtaamua. Habari ya Bwana Makame bado sina jipya.

Hela sasa iko kwako, mwambie mwalimu akusomee. Najua mahindi yameshapita. Nunua hata blanketi.

Tabita


Ruanda
1 Juni 2014

Kwa Tabita,

Marahaba, za miezi miwili yote. Hela niliipata. Blanketi sikununua, nimenunua jiko la mkaa kwa sababu kuni zimekuwa ghali kuliko nyama. Mahindi tumevuna gunia nne mahali pa kumi. Kahawa tunaanza kuchuma wiki ijayo, mikono haipo, nachuma mwenyewe.

Ile barua ya ng'ombe niliisoma. Nilikaa nayo kwa sababu sikuwa na jibu, na mtu mzima akikosa jibu kwa mtoto huwa anaanza kutafuta kalamu mwezi mzima. Ile ya tarehe nne niliisoma pia, kimya kimya, kwa kufuata maneno na kidole. Hiyo majirani hawakuipata. Nisamehe stendi.

Wazee walikuja tarehe 24 kama tulivyopanga. Watano. Wakamla jogoo wangu yule mwekundu, wakanywa, wakasema haya, kesi. Nikawaambia hakuna kesi. Wakakasirika. Mzee mmoja akaniuliza nimewatoa makwao kote kule kwa ajili ya jogoo? Nikawaeleza ya kibandani. Ilinibidi nieleze mara mbili, ya pili kwa sababu walitaka kusikia tena. Kisha mmoja akasema wake wa wanawe, hapohapo uani kwake, siku hizi wanamwita kwa jina lake uchi kabisa, njoo ule, wewe fulani. Mimi wa kwangu walio hapa ni hivyo hivyo. Hatujagombana nao, dunia imekwenda. Sikujua kwamba kuna mtu amebaki, na kwamba yuko Tunduma kwenye tope.

Nilimwazia mama yako vibaya kwa miezi mitatu, na muda wote huo kosa lake lilikuwa heshima yangu. Sina njia ya kumwambia. Mimi na yeye hatuzungumzi, ndivyo ilivyo, na sasa sitaki iwe vinginevyo. Wewe tafuta namna.

Na yule Mpemba, sikuulizi tena. Ila nisikilize. Ikitokea siku mama yako akasimama pale kwa Uledi, asigeuke, akasikiliza jina mpaka mwisho, usiniandikie maelezo marefu ya mfumo. Niandikie neno moja tu, kwamba amesikiliza. Nitaelewa, na Ileje sitapeleka mtu kudai kitu. Wale ng'ombe waache walipo, na watoto watano wa mjomba wako wakae na mama yao. Acheke. Amengoja vya kutosha.

Mimi nitakuwa na kahawa, na jiko.

Likizo ya mwezi huu njoo uchume na mimi, ulete na begi lako. Ukimsomea mama yako barua hii, ishia hapa. Chini ya mstari huu ni jina.

Andongwisye